Nilisimamisha Ngoma ya Binti Yangu

Masara, Julai 8, 1996

Mpendwa Mama Mong'ina,

Nakuandikia nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja na sijui nianze na ipi, ila naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana tarehe ishirini na saba binti yangu Trizah, mwenye miaka tisa, atacheza ngoma Homa Bay katika mashindano ya watoto ya mkoa, na ameniambia kwa kinywa chake nisiende. Wengine wakikuandikia huomba majina yafichwe. Mimi langu liandike lote gazetini, sijaiba kitu cha mtu.

Mimi ni mchimba dhahabu hapa Masara. Naingia shimoni jua halijachomoza na kutoka likiwa limezama, na huko chini watu huitana kwa kupiga kelele, kwa hiyo sauti yangu ni kubwa hata nikiomba chumvi. Mwezi wa Machi shimo lilitufukia kutwa nzima, mimi na wenzangu wawili, tukatolewa wazima, na tangu siku hiyo furaha ikinijia siwezi kuishika, inanitoka tu. Nakwambia haya usije ukadhani nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimeonja hata tone.

Basi Jumamosi iliyopita tulikwenda Migori mjini kwa mashindano ya wilaya, jamaa wote juu ya lori la mawe: mimi, mama yangu mzazi, mke wangu Robi ambaye ni Mkuria wa Kehancha, na kaka yake Matiko. Watoto wa shule yetu waliingia uwanjani saa sita wakiwa na sketi za makonge na njuga miguuni, mvulana wa darasa la sita akiwapigia orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, na Trizah mbele yao wote, na Mama Mong'ina, mabega ya yule mtoto yalipoanza kutikisika nilisahau niko wapi. Sikuwahi kumwona akicheza hata siku moja. Nikajikuta nimeruka kamba ya kuzuia watazamaji, nimeinua mkono juu, na yule mpiga orutu, ambaye babake humpeleka kwenye arusi na amemfunza kwamba mtu mzima akiinua mkono muziki hukatwa ili ajisifu, akaukata pale pale. Kwetu sisi Wajaluo hiyo ndiyo pakruok, na kijana mwenye adabu hamnyimi mtu mzima nafasi yake. Nikamtunza noti, nikasema:

"An Jared wuod nyar Karungu! Mimi Jared, mwana wa binti wa Karungu, ninayeshuka mahali jogoo hasikiki! Ardhi ilinimeza ikanitapika! Huyo wa mbele mnayemwona, babake ni mimi!"

Uwanja ukalipuka. Mama akapiga vigelegele. Nyuma ya kamba Robi alikuwa anapiga kelele, "Baba Trizah, kaa chini, watoto hawajamaliza!" lakini nilimsikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Ningeketi hapo yangeisha. Lakini shemeji yangu Matiko aliona Mjaluo hawezi kujisifu peke yake Mkuria akitazama, naye akaruka kamba. "Mimi Matiko, mjomba wa huyo mtoto! Ng'ombe wa mahari ya mamake niliwapokea kwa mkono huu!" Kabla hajamaliza, akaja mzee mmoja anaitwa Maurice, ambaye hana hata mtoto katika ile shule, akajisifu juu ya baiskeli yake mpya, kengele na dinamo. Watoto muda huo wote wamesimama, mikono iko hewani, na waamuzi wanatazama saa.

Ndipo Trizah akatoka mstarini, akainua mkono kama mzee, akasema kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi, "Mimi Trizah, nyar Jared asiyejua kukaa! Baba, kaa chini tucheze!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nilirudi nikaketi, muziki ukaanza tena, na watu wakawa wananipa mikono kushoto na kulia, wananiita wuon Trizah, yaani baba ya yule mtoto hodari, mmoja akaninunulia soda, na walikuwa bado wananisalimia kengele ya kumaliza ngoma ilipolia.

Tulitokea wa pili, na wawili wa kwanza ndio wanaokwenda Homa Bay! Mwamuzi alisoma maoni yake kwa kipaza sauti, kwamba ngoma ni nzuri sana ila imepita zile dakika sita zinazoruhusiwa, na kwamba wachezaji watatu wamezidi umri. Tuliimba juu ya lori mpaka Masara, na mama yangu akacheza ameshika vyuma.

Kesho yake Trizah akaniletea maji ya kuoga. Akayaweka, akasimama, akasema, "Baba, Homa Bay usikuje." Hakuwa na hasira. Akaenda kuchota mengine. Nilibaki nimekaa pale mpaka maji yakapoa, na nakwambia kweli, iliniuma kuliko yale mawe ya Machi.

Robi sijamwambia. Ananishonea shati jipya, na Matiko ameshaalika nusu ya Kehancha. Nimeazima kofia kubwa na miwani ya jua ili nijifiche nyuma ya watu. Je, ni vibaya? Na tangu lini mtoto wa miaka tisa akamkataza babake? Wahenga si walisema mcheza kwao hutunzwa? Mimi nilitunza, kosa langu liko wapi? Nataka kumwona mtoto wangu akicheza, hilo tu.

Wako, Jared, wuon Trizah

*

Ndugu Jared,

Jina lako la ukoo nimelikata mwenyewe, pamoja na la shule. Wewe ungelipandisha hata kwenye mlingoti wa bendera, najua, lakini kuna mtoto anayeingia darasani Jumatatu.

Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Namshukuru Mungu aliyekutoa shimoni, na furaha yako sitaki ipungue hata kidogo. Mtu aliyefukiwa kutwa nzima ana haki ya kupiga kelele. Lakini si ndani ya dakika sita za mtoto!

Kofia na miwani virudishe kwa mwenyewe leo. Utakohoa mara moja tu na Homa Bay nzima itajua Jared amefika.

Unauliza tangu lini mtoto akamkataza baba. Huyu amekuletea maji, akakwambia usoni, kwa adabu, bila kumtuma mtu. Wangapi wana watoto wanaowaambia ukweli namna hiyo? Pakruok ni kitu kizuri, nami nimeolewa huko kwenu Ujaluoni, naijua. Kwenye arusi muziki ni wa wageni na unaweza kumngoja mtu mpaka amalize kusifu mbuzi wake. Siku ile muziki ulikuwa wa watoto. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini wewe ulimsimamisha mcheza, mkajitunza wenyewe, wanaume watatu wazima. Matiko asome hapa pia.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kila neno ulilojisifu nalo, na la shemeji yako, hata dinamo ya Maurice naijua. Lakini tangu muziki ulipoanza tena hakuna mstari hata mmoja kuhusu ngoma. Waliimalizaje? Trizah alifanya nini mwishoni? Hujui, ndugu yangu. Ulikuwa unapokea mikono. Unaniambia unataka kumwona mtoto wako akicheza, na alicheza hatua chache kutoka ulipoketi, hukumtazama.

Fanya hivi. Mwambie Robi ukweli leo, kabla hajatia vifungo. Ukitoka kazini, oga, mwite Trizah uani, umwombe msamaha kwa maneno machache, usiyapambe. Kisha umwombe akuchezee ule mwisho ambao hukuuona. Keti chini kabisa, si kwenye kiti. Mkono usiinuke. Akimaliza mpigie makofi, halafu umuulize, "Homa Bay nije?"

Akisema njoo, vaa shati lako uende. Akisema baki, baki Masara, na siku atakayorudi umuulize alichezaje, kisha unyamaze mpaka amalize kukueleza.

Mama Mong'ina