Wadudu wa Puani Mwangu

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Nansio, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepona. Mimi mwili hauna neno. Habari za uhuru tulizisikia redioni, tukakumbatiana sisi Watanganyika wachache tulioko hapa London.

Dada, mwombe baba aache kunitangaza pale gatini kwamba binti yake anatibu mioyo. Wameniondoa wodini.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nauguza watu waliopasuliwa moyo. Kidonda chao ni kirefu, kipo kifuani, na kikiingia uchafu mtu anaweza kufa hata kama moyo umeshatengenezwa vizuri. Kwa hiyo tunanawa hadi viwikoni, tunafunika pua na mdomo, na bandeji hatuigusi kwa vidole. Hata hivyo kidonda cha Bwana Harris, dereva wa basi, kikaanza kutoa usaha. Homa ikampanda. Daktari akaagiza wauguzi wote tupitishwe pamba puani, tupimwe.

Sista mkuu wa wodi akaniita ofisini. Akasema wadudu waliomo kidondani ndio hao hao waliomo puani mwangu.

"Lakini nilinawa," nikamwambia.

"Najua, nilikuwa nakuona. Watu wengi wenye afya wanao wadudu hao na hawajui. Lakini wodini hutaingia mpaka waishe."

Alisema kwa upole, dada, na upole ule ndio ulionimaliza. Nikapelekwa kushona mashuka, huku napaka dawa puani. Mezani wenzangu wakawa wanasogeza vikombe vyao mbali na changu. Ningekuwa nimekosea mahali ningeomba msamaha. Sasa pua yangu niiombee msamaha vipi? Naona haya hata kupumua karibu na mtu.

Nimepimwa tena, majibu bado.

Bwana Harris aliugua sana, lakini kidonda kimefunga. Jana, akienda nyumbani, alipita chumba cha kushonea, anatembea polepole, mkewe kamshika mkono. Alikuwa ameshaambiwa yote. Akanyoosha mkono kuniaga. Nikaficha wangu nyuma. Hakuurudisha wake, alisimama akingoja, mpaka nikautoa.

Nisalimie mama, bibi mzaa baba, na mjomba fundi mitumbwi. Baba mweleze wewe kwa maneno yako. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia