Ndevu za Chuma Kwenye Tairi la Kushoto

Jumamosi, Kewanja. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na mimi leo nina furaha ya kitoto kabisa.

Baba amepanda gari langu.

Kwa mwingine hiyo si habari. Lakini mzee alikuwa amegoma tangu siku ile tulipokuwa tunashuka mteremko wa mtoni. Nilikanyaga breki kwa sababu ya ng'ombe wa jirani, pedali ikaanza kutetemeka na gari likazidi kuteleza. Ng'ombe alipona. Baba alishuka, akatembea na fimbo yake hadi nyumbani. Tangu hapo kliniki ya macho mjini Tarime akawa anakwenda kwa bodaboda, mzee wa umri ule, na gari la binti yake lipo. Iliniuma sana.

Fundi wangu, Chacha, alipima kwa kompyuta. Ikasema ni sensa ya tairi la mbele kushoto, kile kidude kinachosoma tairi linazunguka kwa kasi gani. Tukafunga mpya. Taa ya ABS, ile ya dashibodi inayoonya breki zina hitilafu, ikazimika, nikatamba mtaa mzima. Haikupita wiki ikawaka tena. Chacha akasema sensa ni feki, mimi nikasema feki ni yeye, tukanuniana.

Leo nimegoma kununua nyingine kabla sijaiona hii kwa macho yangu. Chacha akaichomoa. Ncha yake ilikuwa imeota ndevu nyeusi.

Nilizijua palepale. Ni unga wa chuma! Kaka yangu ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na ile mipira ya chuma ya ndani nayo inasagika pamoja na mawe. Unga wake umejaa kwenye tope lote la pale. Na gari langu linalala wapi? Ubavuni mwa karasha, eti kwa sababu kuna mlinzi. Sensa ina sumaku, basi ikawa inakusanya tu, inasoma kasi ya uongo, na breki zinaachia ovyo.

Nikacheka mpaka Chacha akakasirika. "We Bhoke, unacheka nini na gari bado bovu?"

Tukaifuta vizuri, tukasafisha na kitovu cha tairi, tukairudisha ileile. Nikashuka mteremko peke yangu kwanza, nikakanyaga breki tena na tena. Gari likatulia.

Ndipo nikamfuata Baba. Alilizunguka kama anakagua ng'ombe wa mnadani, akapanda kiti cha nyuma, akashika mlango kwa mikono miwili. Tukashuka. Katikati ya mteremko nikasimama, taratibu, bila kutetemeka. Nilimtazama kwenye kioo. Mkono mmoja ulikuwa umeachia mlango.

Hakunisifu, si kawaida yake. Tulipofika nyumbani aliuliza tu, "Jumatatu kliniki tunatoka saa ngapi?"

Amesema tunatoka. Nimeingia jikoni nikalia kidogo, kisha nikapika ugali.