Dirisha la Mama Virginie

Mwaka mzima umekwisha, Mama Virginie Kavuo, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotutoka hapa Butembo. Bado tunaamka tukidhani tunakusikia ukivunja kuni.

Usingizini tunakuona jikoni mwako. Umeketi kwenye kigoda, mjukuu wako Shekinah mapajani, maharagi yanachemka polepole. Juu ya moto yananing'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, kama ulivyofundishwa kwenu Masereka. Hukutaka dirisha. Moshi ukitoka, ulisema, wadudu wataingia. Majirani walikuja kwako kuomba mbegu, nawe hukumnyima mtu, ingawa ilibidi kwanza wasikilize maneno yako, maana ulimi wako haukujua kupumzika.

Kikohozi ulikiita baridi. Muuguzi alipokuuliza jiko lako likoje, ulimcheka.

"Dirisha ya nini? Miye nilizaliwa mu moshi."

"Mama, hiyo moshi ndiyo iko inakula mapafu yako," alikujibu.

Mazoea yana taabu. Ulirudi nyumbani, ukafunga mlango, ukapika.

Kisha Shekinah naye akaanza kukohoa kama wewe. Ulimwekea sikio mgongoni, ukasikiliza. Halafu ukachukua jembe, pumzi zikikukatika, ukaanza kutoboa ukuta wa udongo. Mumeo Salomon akaja mbio, akikuita kwa jina la mwana wenu kama kawaida yake.

"Mama Lusenge, unabomoa nyumba? Na mbegu je?"

"Mbegu tutaomba kwa ba jirani. Huyu mutoto, tutamuomba kwa nani?"

Kwako wewe hewa ile ilichelewa, na hilo linatuuma hadi leo.

Msimu huu wadudu wametoboa mahindi yetu mengi. Tumekwenda kuomba mbegu kwa majirani, na hakuna aliyetunyima. Asubuhi mwanga unaingia kwa dirisha lako, moshi unatoka taratibu na kuchanganyika na ukungu wa mlimani. Shekinah anapanda kilima cha kanisa akiimba, wala hakohoi. Akifika juu anageuka, anaupungia mkono ule moshi, akikusalimu wewe bibi yake: "Koko, bonjour!"

Tunaokukumbuka ni mumeo Salomon Muyisa, mwanao Lusenge na mkewe Nadège, binti yako Léa aliye Beni, na Shekinah wako. Maadamu tunapumua, Mama, hutatutoka moyoni. Dirisha lako hatutaliziba.