Maji ya Mfereji Wetu Kwenye Mashine ya Kindness

Uru, Moshi
20 Aprili 2006

Mpendwa mdogo wangu Ebenezeri,

Pokea marahaba yangu, ingawa safari hii shikamoo yako siistahili. Habari za Songea? Mgongo wa shemeji umepona? Huku sisi wazima, mvua inanyesha, ndizi zipo.

Mimi nina miaka sabini na sita. Ndui imekufa, mimi nipo. Bei nzuri ya kahawa imekufa, mimi nipo. Wazee wenzangu wa kulinda mfereji wa kijiji nimewazika wote. Hapa Uru hakuna anayejua maji kama mimi, hata wasionipenda wanakubali. Ndiyo maana naona aibu kuandika haya.

Usije ukasikia kwa watu. Mwanao Kindness alisimamishwa kazi, na kosa ni langu.

Unajua alinitafutia kibarua cha usafi pale maabara kwao mjini. Ana mashine ya kuhesabu askari wa damu, ili wenye virusi waanzishiwe dawa. Mashine hiyo ina tangi la maji maalumu ya chumvi, ya kununua, yanayobeba damu kupita kwenye mrija mwembamba ajabu. Siku moja ikapiga kelele, tangi limekauka, Kindness yuko kwenye chai. Nikajisemea, maji ya kununua ya nini, na mlima tunao? Nilikuwa na dumu langu la kunywa, maji ya mfereji wetu. Nikajaza. Kelele ikanyamaza, nikajiona fundi.

Mara mashine ikaanza kuhesabu takataka kama damu, kisha ikakwama. Kindness akatoa mapovu ya hewa, akamwaga ndoo ya maji machafu, akakaza kifuniko, akabadilisha mrija. Wapi! Mimi na fagio langu namfundisha: "Hewa hiyo, mwanangu. Hata mfereji hufanya hivyo."

"Baba mkubwa, niache nifikiri."

Kesho yake akafungua chujio, akakuta mchanga na utelezi wa kijani. Mkubwa wao akamwambia, "Tangi ni jukumu lako, dada. Nenda nyumbani." Nami, Ebenezeri, nikashika fagio. Nikafagia palipokwisha kufagiwa.

Wagonjwa wakarudishwa makwao bila kupimwa. Mama mmoja wa Kibosho, Veronika, alikuwa ameshuka kwa miguu kwenye matope, mtoto mgongoni. Akaniuliza mimi, kwa sababu nina mvi: "Mzee, nirudi lini?" Nikaweka fagio chini.

Nikaingia kwa mkubwa, kofia mkononi, nikasema yote. "Maji ya mfereji, mzee?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kindness karudishwa kazini. Kasafisha mirija siku nzima, mashine inahesabu. Mimi nimefukuzwa, ni haki. Nilipanda Kibosho mwenyewe kumwita Veronika. Ameshapimwa.

Lakini mwanao ananiamkia bila kunitazama.

Unakumbuka nilivyokutoza pombe ya mbege ulipooga mferejini, na ulikuwa na homa? Anayechafua maji hupika mbege, hukaa chini, wazee wakamsema. Nimewakalisha wengi. Jumamosi napika yangu. Wazee wa kunisema nimeshawazika, kwa hiyo nimemwomba Kindness akae kwenye kigoda changu, aniseme mbele ya watu. Kasema atakuja, na kwamba ana mengi ya kusema.

Nisalimie shemeji, na Stella, na Calvin. Mungu awafunike na mvua ya huko iwe ya kiasi.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata leo nilipoumbuka,

Eliakim

Ukidhani naongeza chumvi kama kawaida yangu, muulize Veronika wa Kibosho. Muulize na mkubwa wa maabara. Kindness muulize baada ya Jumamosi.