Vijiko Vitatu vya Dawa ya Damu

Man Pieng, Xishuangbanna
Machi 2

Dada yangu Yu Nuan,

Salamu nyingi zikufikie huko kiwandani Guangdong. Natumai hujambo, na mimba yako inaendelea salama. Sisi tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Siku ile ya Oktoba watoto walipopimwa wingi wa damu shuleni, wale wa Wachina wa Kihan walipata mia na ishirini na kitu. Mwanao Ai Sam, uliyeniachia nimlee, akapata tisini na moja. Muuguzi akasema mbele ya wazazi wote kwamba sisi watu wa Dai tunakula nyama, watoto tunawaachia mchuzi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakupigia unifariji, nawe ukasema wanangu wamenona kwa chakula cha mwanao, kikulacho ki nguoni mwako. Ukaamuru apewe dawa ya kuongeza damu, ile ya chuma, vijiko vitatu kila siku, hata akilia.

Nilimpa. Nilimbana pua. Alipotapika nilimchapa, nikampa tena. Mama alimfunga uzi mweupe mkononi kuita roho yake irudi, maana akiniona na kijiko alikuwa akikimbilia chini ya nyumba, katikati ya nguzo, kwa kuku.

Sasa nisikilize. Januari daktari mmoja wa wilayani alimpima upya, akapima na chuma chenyewe kilichomo mwilini. Kilikuwa kimepita kiasi. Alisema damu ya namna hii imo katika koo nyingi za Dai, ni ya kurithi, haiongezwi kwa chuma, na kipimo cha Wahan peke yake hakitufai. Dawa ikome. Na wewe na mumeo Ai Lun mpimwe kabla ya kupata mtoto mwingine, kwani mkiwa nayo wote wawili, anaweza kuzaliwa na damu isiyoweza kumlea.

Ulikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nilijua. Nikaificha karatasi ndani ya kikapu cha wali, nikaendelea na vijiko vitatu, kwa kuwa ndivyo ulivyoamuru. Nilitaka siku moja kosa liwe lako.

Karatasi hiyo nimeiweka humu. Tarehe utaiona mwenyewe. Nenda ukapimwe leo, mtukane mdogo wako kesho.

Mama anakusalimu. Ai Sam hakimbii tena. Jana aliniletea kijiko mwenyewe, akafumba macho, akafungua mdomo.

Mdogo wako,
Yu Peng