Maji ya Moto ya Wageni

Jumapili, Mbeya

Sijui nimwambie baba au ninyamaze.

Leo redio iliposema nchi yetu itakuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika, baba akaikumbuka tena timu ya Zambia iliyolala kwenye gesti yetu. Mashabiki walimwagiza mama asiwachemshie maji ya kuoga, ili baridi ya Mbeya iwamalize kabla ya mechi. Tukafungwa hata hivyo, na mpaka leo baba anamlaumu mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa golikipa wetu.

Jikoni nikamuuliza mama kama kweli wale wageni waliogea maji ya baridi.

"Niliwachemshia. Walikuwa wanatetemeka, mwanangu."

"Ndoo zote zile, peke yako?"

Akaendelea kumenya viazi.

"Alibeba mjomba wako."