Kopo la Sita

4 Machi

Binti yangu,

Pokea salamu za huku nyumbani. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linajifanya mtabiri wa mvua. Nawe je? Macho hayakusumbui na huko kushona kutwa nzima?

Mwanao Chiriku hana homa wala kidonda, lakini amenyamaza. Leo ni siku ya kumi na moja. Mtoto tuliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa anaongea hata akipiga mswaki, sasa ukimwita anakuangalia tu.

Jumamosi, siku moja kabla hajanyamaza, niliwaonyesha watoto wa shule yake filamu yangu ya zamani, pale sinema ninakoendesha mashine. Unaikumbuka, ya kaka na dada wanaopewa taa na bibi kizee waende kuitafuta furaha, wanapita mlango baada ya mlango. Filamu yote ina makopo sita; ilipoisha ya kopo la tano umeme ukakatika. Mwalimu akawapanga mstari, akaondoka nao. Mwanao akabaki na mimi, akaniuliza kama wale watoto wa kwenye filamu walirudi kwao. Nikamwambia walirudi. Akauliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo.

Nadhani aliogopa ule mlango wa giza wa kwenye filamu, na itapita. Ila mwandikie mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika nami nikiwa mzima. Macho yanavumilia. Wiki hii tunashona foronya za magodoro, kitambaa kigumu kama ngozi, vidole vyangu vimejaa matundu.

Usiwe na wasiwasi sana. Filamu ile nimeiona mara ngapi, nimekaa juu ya sanduku lako la vifaa, na sikuogopa hata siku moja, kwa sababu ulikuwa unashuka mbele ya pazia na kutusimulia mwisho wake vizuri mno. Msimulie hivyo hivyo. Mwambie nakuja hivi karibuni. Nimemwandikia kikaratasi, kimo ndani ya bahasha.

Binti yako

7 Aprili

Binti yangu,

Tunashukuru kwa salamu. Goti limepoa. Kikaratasi chako nimempa, akakisoma, akanirudishia.

Daktari amemwangalia koo na masikio, hana kitu. Tatizo ni mimi, na lazima nikueleze. Kesho yake baada ya ile Jumamosi alipanda chumba cha mashine nikiwa chini nafagia. Akafungua kopo la sita. Wewe hukuwahi kulifungua kwa kuwa nilikukataza. Ndani hamna filamu. Kuna donge jeusi linalonuka siki, limeoza tangu siku nilipoletewa, miaka thelathini iliyopita. Mwisho wa filamu ile sijawahi kuuona. Huo niliokuwa nawasimulia, wa mama yao kufungua mlango na chai kuwa bado ya moto, niliutunga mwenyewe ili watu wasidai viingilio vyao.

Nilipopanda nilimkuta amelikumbatia kopo. Akaniuliza neno moja, 'Walirudi?' Nikalichukua kopo, nikalifunga. Hajasema tena tangu hapo.

Sasa fikiria. Mdomo uliomwambia kwamba wale watoto walirudi ndio huo huo uliomwambia, miaka minne mfululizo, kwamba mama yake atarudi. Hili siwezi kulitengeneza peke yangu. Niambie unakuja lini.

Baba yako

20 Mei

Binti yangu,

Wiki sita sijapata neno lako. Natumaini ni posta, na si ugonjwa.

Chiriku amekonda mpaka shati la shule linamning'inia, na shuleni kwenyewe haendi. Havuki kizingiti cha mlango. Anakaa pale pale, na mtu yeyote akitaka kutoka, hata muuza maziwa, anaanza kutetemeka. Mimi nikivaa viatu ananishika shati kwa mikono miwili. Kazini jirani ndiye anayeniendeshea mashine, na juzi alionyesha picha kichwa chini miguu juu, watu wakapiga makofi.

Nachekesha ili mkono uendelee kuandika. Naogopa, mwanangu. Mama yako alipofariki sikukuandikia neno hilo, lakini leo naliandika. Huyu mtoto anatuponyoka akiwa amekaa mbele yangu. Nisiambiwe tena 'hivi karibuni'. Nataka tarehe.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Najua wewe hupo salama, nami siko salama. Barua zako zote nilizipata. Nimezificha ndani ya godoro, nikashona mwenyewe pale juu.

Nina mume. Ni fundi wa majokofu, mtu mpole. Tuna mtoto wa kike wa miezi kumi. Siku tulipofahamiana aliniuliza kama nina mtoto, nikasema sina. Lilikuwa swali la kupitisha muda, tulikuwa tumejikinga mvua chini ya paa la duka. Nikajiambia nitasahihisha kesho. Hiyo kesho imefikisha miaka mitatu.

Nikimwambia leo, naogopa atanifukuza na kubaki na mtoto. Nikinyamaza, naogopa yule mwingine naye atanyamaza moja kwa moja. Niambie nifanye nini.

Binti yako

11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Kwanza mpe huyo mdogo salamu za babu yake, ingawa hajui kama ana babu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilikasirika, nikaitupa chini ya meza. Ya nne nikaona mwandiko wangu mwenyewe ndani yake. Sina uso wa kukugombeza.

La kufanya silijui. Ninachoweza kukueleza ni nilichofanya mimi. Jana nilikaa sakafuni karibu na Chiriku, nikamwambia sijui kama wale watoto walirudi. Nikamwambia pia sijui kama mama yake atarudi. Alilia kwa sauti kubwa, ndiyo sauti ya kwanza tangu Februari, akalia mpaka akalala. Sijui nimemponya au nimemmaliza. Leo amekunywa uji nusu kikombe.

Baba yako

8 Julai, saa nane mchana

Baba,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, naandikia gotini. Niko stendi, hapa mtaani kwetu, tangu saa tatu asubuhi. Mdogo wake yuko mgongoni.

Nilimwambia mume wangu. Siku ya tatu akaenda kazini bila kuaga, nami nikafunga mzigo. Sijui kama nina pa kurudi.

Mara tatu nimeanza kuja nyumbani, mara tatu nimegeuka. Namwogopa mtoto wa miaka saba, Baba. Ataniangalia kama mgeni, na hatakuwa amekosea. Barua hii anaileta fundi viatu wa hapa stendi. Msomee Chiriku yote, usiruke kitu, hata habari za mdogo wake. Akinikataa, usiandike chochote. Basi la kurudi linaondoka saa kumi.

Binti yako

8 Julai, saa tisa kasorobo

Binti yangu,

Marahaba. Leo sikuulizi afya.

Nimemsomea yote, na hilo la kukukataa pia. Alisikiliza akiwa amekaa kizingitini. Nilipomaliza, fundi viatu akakohoa kwa aibu. Kisha Chiriku akauliza, kwa sauti iliyokauka, 'Na huyo mdogo, naye anaogopa?'

Nikamwambia sijui. Siku hizi hilo ndilo jibu langu kwa kila kitu, na naona ananiamini nikilisema.

Habari zako hajauliza, usivunjike moyo. Ila ameleta viatu vyake. Mkono mmoja umenishika shati, kwa mwingine anajivisha, na ameukosea mguu, lakini sithubutu kumwambia. Analivuta shati, ndiyo maana maandishi yamepinda. Huenda tukafika njiani akashindwa, tukarudi. Namtanguliza fundi viatu na barua hii kwa sababu anatembea haraka kuliko sisi.

Tunatoka sasa. Usipande basi.

Baba yako